Kila Kiwanda Kina Saa Yake: Mji wa Gisenyi, Barabara Zake na Askari wa Kizuizi



Tunapozungumza juu ya ulinzi wa nchi, mara nyingi fikra zetu huelekea kwenye silaha, mahandaki na doria za usiku. Hivyo ndivyo inavyopasa, kwani hakuna taifa linaloweza kuishi bila mambo hayo. Lakini nchi hailindwi ili ikae kama sanduku lililopigwa kufuli. Hulindwa ili mkulima apate kulima, mvuvi apate kuvua, kiwanda kipate kutoa moshi na lori lipate kufika liendako. Katika mazungumzo haya tutautazama mji mmoja mdogo, Gisenyi, ulioko kaskazini magharibi mwa Rwanda. Tutaeleza mji huo unaishi kwa nini, na kwa sababu gani askari anayesimama kwenye kizuizi chake ni mmoja wa wazalishaji wake, hata kama mwenyewe hajapata kulifikiria jambo hilo.

Gisenyi umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, ziwa ambalo uso wake uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Tangu mpango mpya wa utawala wa mwaka 2006, mji huu ndio makao ya Wilaya ya Rubavu, katika Jimbo la Magharibi. Upande wa mashariki kuna barabara ya lami inayopanda hadi Musanze, mji ambao zamani uliitwa Ruhengeri, kisha ikaendelea hadi Kigali. Safari yote hiyo ni kiasi cha kilomita 160. Upande wa magharibi hakuna nafasi tena: nyumba za Gisenyi zinakoma na nyumba za Goma, mji wa Kongo, zinaanza. Katikati yake ni mpaka wa mataifa mawili, wenye milango miwili mikubwa. Mmoja uko karibu na ziwa, watu huuita Kizuizi Kikubwa, na ndiko yanakopita magari. Mwingine ni Kizuizi Kidogo, ambako umma hupita kwa miguu.

Mpaka huo haukuwekwa na wenyeji. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikutana Brussels wakakubaliana juu ya mistari ya ramani, na Gisenyi, wakati huo kituo cha kijeshi cha Wajerumani, ukabaki upande wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miaka minne baadaye wakubwa hao wakapigana, na askari Waafrika wakafia mwambao wa Kivu kwa ugomvi usiowahusu, hadi mwaka 1916 Wabelgiji waliposonga mbele na kuiteka nchi. Askari hao pamoja na wafanyabiashara waliofuata nyuma yao ndio walioacha Kiswahili katika mji huu. Mwaka 2017 lugha hiyo iliyoingia na askari na wachuuzi ikawekwa katika sheria kuwa lugha rasmi ya Rwanda.

Ndugu wasikilizaji, mji mdogo kama huu unaishi kwa nini? Jibu fupi ni kwamba unaishi kwa viwanda vichache na kwa barabara. Lakini jibu hilo halitoshi mpaka tueleze jinsi kiwanda na barabara vinavyotegemeana. Kila kiwanda kina saa yake, yaani muda ambao kazi yake yaweza kusubiri kabla hasara haijaingia. Askari asiyeijua saa hiyo anaweza kukiua kiwanda bila kufyatua risasi hata moja.

Tuanze na chai. Katika bonde la Pfunda, nje kidogo ya mji, kuna kiwanda cha chai kilichojengwa katika miaka ya 1970. Jani la chai likishachumwa, halingoji. Linaanza kubadilika hapo hapo ndani ya kikapu. Likirundikwa, linapata joto na kuanza kuchachuka kabla ya wakati wake. Kiwandani ndiko linakotakiwa kunyaushwa kwa utaratibu, kusagwa, kuachwa lichachuke kwa kipimo, kisha kukaushwa kwa moto. Mchumaji aliyeanza kazi alfajiri anahitaji jani lake lifike kiwandani siku ile ile, tena kwa saa chache. Saa ya chai, basi, ni fupi mno. Ndiyo maana kwa kiwanda cha chai, barabara ndogo ya udongo inayotoka shambani ina uzito uleule wa barabara kuu ya lami, na pengine zaidi. Chai iliyokwisha kukaushwa na kutiwa magunia yaweza kungoja lori wiki nzima. Jani bichi haliwezi. Daraja dogo likivunjika kijijini, au gari la majani likazuiwa njiani kwa sababu dereva hakutoa ile chai nyingine ambayo haisagwi kiwandani, mkulima ndiye anayelipa. Jani lake hushushwa daraja au hutupwa.

Saa ya pili ni ya samaki. Mwaka 1959 aliletwa katika Ziwa Kivu samaki mdogo wa jamii ya dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Akazaliana, na leo sambaza ndiye kitoweo kikuu cha mwambao huu. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa usiku, na samaki hufuata mwanga na kuingia wavuni. Mbalamwezi ikiwaka, kazi hupungua, maana taa ya mvuvi haiwezi kushindana na mwezi. Mitumbwi hurudi Rubona asubuhi. Kutoka hapo, sambaza mbichi ana saa chache tu za kufika sokoni, iwe Gisenyi au Goma. Jua likishapanda, bei inashuka. Aliyebaki huanikwa, na huuzwa kwa bei ya mkavu.

Saa ya tatu ni ya kiwanda kikubwa cha mji huu, kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957 katika mwambao wa Nyamyumba, kusini kidogo mwa mji. Bia haiozi upesi kama samaki, na mtu angedhani kwamba kiwanda hiki hakina haraka. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba bia hutoka ndani ya chupa, na chupa ni mali ya kurudishwa. Lori linaloteremka mjini na kreti tupu ni muhimu sawasawa na lori linalopanda na kreti zilizojaa. Barabara ya Musanze ikifungwa kwa maporomoko ya udongo, kiwanda hupata hasara mara mbili: bia haitoki, na chupa tupu haziingii. Baada ya muda, mitambo inasimama kwa kukosa cha kujaza. Wanaoumia si wenye hisa peke yao. Wapakizi, madereva na mafundi, na mama muuza chakula langoni, wote wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Kiwanda hiki kina historia nyingine inayofaa kuelezwa, kwani inagusa ziwa lenyewe. Chini kabisa ya Ziwa Kivu, lenye kina cha karibu mita 480, kuna gesi nyingi iliyoyeyuka ndani ya maji. Wataalamu hukadiria methani kuwa kiasi cha kilomita za ujazo 60, na hewa ya ukaa kuwa kiasi cha kilomita za ujazo 300. Uzito wa maji ya juu ndio unaoifunga gesi hiyo isitoke, kama kizibo kinavyoifunga gesi ndani ya chupa ya soda. Mnamo mwaka 1963 ulijengwa mtambo mdogo huko Rubona wa kuichota. Kanuni yake ni rahisi. Bomba hushushwa hadi kwenye maji mazito ya chini. Maji hayo yakishaanza kupanda, mgandamizo hupungua, gesi hutoka kama mapovu, na mapovu hayo huyasukuma maji mengine juu bila kuhitaji pampu wakati wote. Gesi ikifika juu huoshwa kwa maji ili hewa ya ukaa iondoke, na methani hubaki kuwa nishati. Kwa miaka mingi methani ya Rubona iliwasha matanuri ya kiwanda cha bia.

Kilichoanza kama jiko la kiwanda kimoja kimekuwa umeme wa taifa. Mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt huko Karongi, wenye uwezo wa megawati 26. Baadaye ukajengwa Rubavu mtambo wa Shema Power, wenye uwezo wa megawati 56. Kazi hii ina faida ya pili, nayo ni usalama. Katika Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika hewa ya ukaa usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakafa wakiwa majumbani mwao. Ziwa Nyos ni dimbwi tu likilinganishwa na Kivu. Kuipunguza gesi kwa utaratibu, huku ziwa likipimwa na kuangaliwa daima, ni ulinzi wa mamilioni ya watu wa pande zote mbili.

Hapa tuna neno moja la moja kwa moja kwa wanajeshi. Katika ardhi ya volkano karibu na Goma na Gisenyi, hewa ya ukaa hutoka pia kwenye nyufa za ardhi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia katika mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi, na mtu haioni. Mbuzi aliyelala shimoni hafi kwa ugonjwa; amekosa hewa. Askari anayechagua mahali pa kulala au pa kuchimba handaki katika nchi hiyo awaulize wenyeji kwanza, na akiona mizoga ya ndege na wanyama katika bonde, asishuke. Mtoto wa kijiji anaweza kumwokoa koplo mwenye mafunzo ya miaka kumi.

Sasa turudi barabarani, kwenye Kizuizi Kidogo. Kabla ya mipaka kubanwa kwa sababu ya maradhi ya Korona mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita hapo kila siku kwa miguu. Wengi wao ni akina mama wachuuzi. Wanabeba nyanya, mboga, viazi, maziwa na nyama kwenda kuwalisha watu wa Goma, na kurudi na vitenge na bidhaa nyingine. Miongoni mwao wako pia walemavu wanaosukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zikiwa zimesheheni mizigo. Hawa nao wana saa yao, na ndiyo fupi kuliko zote, kwa sababu mtaji wao ni wa siku moja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mama mmoja ana mtaji wa faranga 10,000. Ananunua nyanya alfajiri, akitegemea kupata faida ya faranga 2,000. Kizuizi cha kwanza kikimchukulia 500 na cha pili 500 nyingine, anabaki na 1,000 za kulisha nyumba. Akicheleweshwa mpaka mchana, nyanya zinalegea, anaziuza kwa hasara, na jioni anakula mtaji. Kesho yake atakopa. Keshokutwa hatapita tena kizuizini. Atatafuta njia ya panya.

Na hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo jambo la biashara linapogeuka kuwa jambo la ulinzi. Njia ya panya aliyoipitia mama wa nyanya kukwepa hongo ni ileile atakayoipitia mtu mwenye bunduki ndani ya gunia. Maadam watu wema wote wanapita mlangoni, yule mmoja anayepita porini huonekana mara moja, na mwananchi wa kwanza kumwona atakuja kusema. Lakini watu wema wakilazimishwa kupita porini, mwovu anapata umati wa kujifichia, na mwananchi aliyenyang'anywa jana hatakuwa na hamu ya kumweleza askari lolote leo. Kwa hiyo faranga 500 iliyotiwa mfukoni imenunua upofu wa kituo kizima. Askari anayepokea hongo ameuza macho na masikio ya jeshi lake, tena kwa bei rahisi.

Hatusemi kwamba ukaguzi uachwe. Julai 2019, ugonjwa wa Ebola ulipofika Goma, upimaji wa joto na kunawa mikono mpakani vilikuwa kinga ya watu wote, na kila mpitaji mwenye akili aliuona umuhimu wake. Ukaguzi wa haki hauchukiwi na wananchi. Kinachochukiwa ni kuchelewesha bila sababu, kwa kuwa mwananchi anaelewa upesi sana kwamba askari anayechelewesha bila sababu ana sababu yake mwenyewe.

Barabara hii ya Gisenyi imebeba pia mambo ya huzuni kuu, na si haki kuyapita kimya. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vizuizi vya barabarani vilivyotapakaa Rwanda nzima vilitumiwa kutenganisha watu kwa kitambulisho kilichoandikwa kabila, na aliyeonekana ni Mtutsi akauawa papo hapo. Kizuizi, ambacho kazi yake ni kumlinda mpitaji, kiligeuzwa kuwa machinjio, na baadhi ya waliosimama hapo walikuwa wamevaa sare za serikali. Julai mwaka huohuo, serikali iliyoendesha mauaji hayo iliposhindwa, watu wapatao milioni moja walivuka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache tu, na wauaji wenye silaha wakijichanganya na raia. Kipindupindu kikafuata kambini. Novemba 1996 barabara hiyohiyo ikawarudisha mamia ya maelfu kwa miguu. Kila anayevaa sare na kushika kamba ya kizuizi, mahali popote Afrika, anapaswa kuyajua mambo haya. Kamba ile ni chombo tu. Uzuri au ubaya wake hutegemea mkono unaoishika, na amri zinazokubaliwa au kukataliwa na mkono huo.

Barabara hiyo imebeba mambo mema pia. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, ukatema moto wa mawe ulioukata mji wa Goma katikati, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wakiingia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huo ukalipuka tena jioni, na usiku uleule maelfu wakavuka mpaka na watoto mgongoni. Siku zilizofuata mitetemeko ilipasua nyumba za Rubavu. Katika usiku kama ule hakuna nafasi ya kugonga mihuri. Kazi ya askari ni kufungua njia, kuyaweka magari upande mmoja na waendao kwa miguu upande mwingine, na kuhakikisha mtoto hakanyagwi. Na Januari 2025, vita vilipoingia Goma, makombora yalianguka upande wa Gisenyi na kuua raia. Mji wa mpakani haupumziki; jirani akiungua, moshi unaingia ndani.

Adui mwingine wa barabara ni maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha. Mto Sebeya, ambao siku za kawaida huzungusha mitambo midogo ya umeme karibu na Gisenyi, ulifurika, ukabomoa nyumba na kuingia hata katika kiwanda cha chai cha Pfunda. Chanzo chake si mvua peke yake. Vilima vya Gishwati, ambako maji hayo hutoka, vilikuwa na msitu wa takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa karne hii zilibaki hekta mia kadhaa tu. Msitu ukiondoka, udongo hauna kinachoushika, na daraja la bondeni hulipa deni la kilimani. Juhudi za kurudisha miti zinaendelea, na masalio ya msitu yamefanywa hifadhi ya taifa. Kuulinda mche usikatwe usiku ni kazi ya usalama sawasawa na kulinda daraja.

Ndugu wasikilizaji, tarehe 20 Septemba 1976 viongozi wa Rwanda, Burundi na Zaire walikutana katika mji huu wa Gisenyi wakatia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na makao yake yakawekwa hapo hapo. Vita vya miaka iliyofuata viliidhoofisha sana jumuiya hiyo. Hata hivyo wazo lililowakutanisha halikuwa la ndoto. Walikuwa wameona kile ambacho mama wa nyanya anakiona kila asubuhi: kwamba Gisenyi bila Goma ni duka lisilo na wateja, na Goma bila Gisenyi ni sufuria isiyo na mboga.

Kutokana na mfano huu, askari wa mpaka wowote, uwe Rusumo, Malaba, Namanga au Gisenyi, aweza kuchukua mambo matatu. Kwanza, ajue saa ya kila mzigo unaopita mbele yake: samaki, maziwa na majani mabichi vikaguliwe mwanzo, saruji na chupa tupu vyaweza kungoja. Pili, afahamu kwamba hongo ndogo hufungua njia kubwa ya panya, na kwamba anayepita huko hatamwona. Tatu, awe na mpango wa siku mbaya kabla siku hiyo haijafika: magari yatapita wapi, watu wa miguu wapi, maji ya kunywa yatapatikana wapi.

Mji mdogo hauna akiba ya kuvumilia uzembe. Jiji kubwa likikosa barabara moja lina nyingine kumi. Gisenyi ukikosa ile inayopanda Musanze, au mlango unaotazama Goma, wapakizi wa Nyamyumba, wachumaji wa Pfunda na wavuvi wa Rubona wanalala njaa kabla ya wiki kwisha. Askari anayeiweka njia hiyo wazi, salama na bila hongo analisha nyumba nyingi kuliko anavyojua.